Bisembe, Mji Usiokuwa na Mwenyewe

Tangu nirudi Bukoba sijapata kumaliza kikombe cha kahawa barazani bila mmoja wenu kuniuliza, "Haya, huko Kongo kulikuwaje?" Nimewajibu kwa mafungu, kila mtu kipande chake, na sasa nasikia vipande hivyo vimeanza kugombana mtaani. Mmoja wenu anasema nilipotelea msituni. Mwingine anasema nilihutubia baraza la wazee wa huko. Yote mawili ni kweli, ila si ukweli wa kujivunia. Basi nimeona niandike safari nzima mara moja, mnisome, kisha mniache ninywe kahawa yangu.

Wa kulaumiwa ni mjomba wangu. Alikuwa fundi cherehani, na miaka ya vita vikuu vya pili alihama na cherehani yake hadi Kongo, akashona huko mpaka vita vikaisha. Aliporudi alikuwa na hadithi moja tu, ya mji uitwao Bisembe. Mji huo, alisema, uko mpakani, kati ya Masisi na Walikale, na umebanwa na majangwa mawili: la kwanza la mawe meusi yaliyotapikwa na mlima, la pili la miti. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo kikuu ng'ambo, kiburi changu bado kina mikunjo ya pasi, nikamsahihisha kwamba jangwa haliwezi kuwa na miti. Mjomba alinitazama juu ya miwani yake. "Jangwa," akasema, "ni mahali popote usipoweza kununua chumvi."

Kwa maelezo yake Bisembe ilikuwa na mtaa wa mafundi cherehani, hoteli, gramafoni, na watu wa kila lugha. Mjomba amekwisha kufariki, nami nimefikia umri wa kuota tumbo na kuandika magazetini juu ya mambo nisiyoyaona. Nikaamua safari hii nikaone kwanza. Ningeandika historia ya Bisembe. Sandukuni mwangu kalamu zilikuwa nyingi kuliko mashati.

Goma hadi Sake

Lori la kutoka Goma, ambalo kule huitwa kamio, liliendeshwa na mtu mwembamba aitwaye Anselmi, aliyevaa tai juu ya fulana. Aliniweka mbele kwa heshima ya suti yangu. Wengine walikaa nyuma juu ya magunia, na kila tulipoanguka shimoni niliwasikia wakicheka. Nilidhani wanacheka shimo.

Jangwa la kwanza la mjomba lipo kweli. Barabara inapita katikati ya mawe meusi yaliyoganda yakiwa yanatiririka, yana mawimbi na mikunjo kama uji uliomwagika na kusahauliwa. Hakuna mti wala kivuli. Yalishuka kutoka mlimani hadi ziwani karibu na kuanza kwa vita, na Anselmi alidai ziwa lilichemka na samaki wakatoka wameiva. Nilimwuliza kama aliwaona. "Miye nilikula," akasema.

Mawe yale hula matairi. Tulipasukiwa pahali ambapo, ukitazama kila upande, kilicho hai ni sisi tu. Anselmi akafungua gurudumu bila haraka, huku nikimwuliza juu ya Bisembe.

"Bisembe iko fasi ya soko," akasema, yaani mahali pa soko. "Nitakushusha, Papa. Usiwe na mawazo."

"Ni mji mkubwa?"

Akapima swali langu kama anayepima kama tairi linazibika. "Siku ya soko, iko na batu."

Sake hadi Masisi

Baada ya Sake barabara inaanza kupanda, na vumbi jeusi linageuka matope mekundu. Sijaona kijani kama kile. Vilima vimelala kimoja juu ya kingine, vyote vimelimwa hadi kileleni, maharage na mahindi na viazi, na penye majani kuna ng'ombe waliosimama kwenye mteremko kana kwamba miguu ya upande mmoja ni mifupi. Mvua ilitukuta kwenye kona. Lori likateleza, likakaa. Wote wakashuka kusukuma, nami nikashuka kwa moyo mkunjufu, nikashika nyuma ya gurudumu. Yeyote aliyewahi kusukuma gari matopeni anajua hapo si pa kusimama. Kilichobaki cha suti yangu kilifaa kupandwa viazi.

Mbele yetu maji yalikuwa yamebeba daraja la magogo, na Anselmi akatangaza kwamba tutalala. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia akanigusa bega. "Twende kwangu, Papa. Nyumba iko pale juu. Na mama atafula ile nguo, kama bado ni nguo."

Huyo ndiye Papa Bauma, Mhunde wa milima ile, mkulima wa maharage. Nyumbani kwake nililetewa maharage, viazi vitamu, na maziwa ya mgando katika kibuyu. Kwetu ukiacha kitu chomboni umemtukana aliyepika, basi nikanywa hadi tone la mwisho. Kibuyu kikajazwa. Nikanywa tena. Kikajazwa. Kumbe kwao ukimaliza umeomba. Tuliendelea hivyo kwa adabu kubwa pande zote mbili, mpaka mke wake akasema kutoka jikoni, "Bauma, huyu mugeni wako iko namaliza ndama wetu na njaa." Nikaacha kidogo chini, na nyumba nzima ikapumua.

Nilimwuliza nani alianzisha Bisembe.

"Batu wa pori," akasema bila kusita. "Wanyanga. Zamani muwindaji mumoja alikuwa nafuata munyama na imbwa yake. Kufika fasi miti inaishia, imbwa ikakaa chini. Ikakatala kutoka mu pori. Muwindaji akasema, bon, kama imbwa imechoka, na miye nimechoka. Akawasha moto. Njo Bisembe ile."

"Na ninyi Wahunde?"

"Shiye tuliona moshi, tukashuka kusalimia. Mpaka leo tuko pale wageni."

Niliandika kila neno. Kisha akaniambia jambo ambalo wakati ule nililiona dogo. Ajenti wa Leta, yaani wa serikali ya Wabelgiji, alikuwa anakuja sokoni Bisembe kuuliza ardhi ile ni ya nani. Kuna mzungu anataka kupanda pale miti ya kwinini, dawa ya malaria. "Kama fasi iko na mwenyewe, muzungu ataenda kutafuta ingine. Kama haina, Leta itamupatia, na shiye tutabeba maharage yetu turudi."

"Hilo rahisi," nikasema. "Mtamjibu."

Papa Bauma akatazama kibuyu. "Tutajibu," akasema.

Walikale, bila kukusudia

Daraja lilipotengenezwa niliendelea na Anselmi. Papa Bauma alibaki kumalizia kuanika maharage, tukaagana kukutana sokoni. Safari hii nilikaa macho wazi, kwa sababu sikutaka mji wangu unipite. Tulishuka vilimani, hewa ikawa nzito, na miti ikaanza kusogea barabarani. Mahali fulani Anselmi akasimamisha lori penye vibanda vichache na uwanja mtupu uliofagiwa. Akajinyoosha, akanywa kitu kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akipika, kisha akanigeukia na kunitazama kwa muda. Mimi, nikidhani anauliza kama nimepumzika vya kutosha, nikamtikisia kichwa kwamba twende. Akainua mabega, tukaenda.

Jangwa la pili nalo lipo. Msitu ule haukuachii mbingu. Miti imepokezana matawi juu ya barabara, na ukikohoa unasikia kama umekohoa ndani ya nyumba ya mtu. Tulikwenda mpaka nikachoka kusubiri hoteli.

"Anselmi, Bisembe bado mbali?"

Akapunguza mwendo. "Tuliipita, Papa. Ulinitikisia kichwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Muntu wa suti akisema twende, miye nani?"

Yeye alikuwa anakwenda Mubi kupakia madini, asingeweza kurudi mpaka apakie. Akanishusha kijijini kwa mtu anayemfahamu, Papa Kabunga, Mnyanga, mkulima na mwindaji mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Papa Kabunga hakuniuliza nimepoteaje. Alisogeza kigoda tu.

Nilikula vizuri kule kuliko mahali pote pa safari: ndizi za kuchemsha, uyoga, nyama iliyokaushwa kwa moshi, yote katika mafuta ya mawese mekundu kama jua la jioni. Kabla ya kula Papa Kabunga alifanya ishara ya msalaba, kisha akachukua kipande cha nyama akakiweka chini ya nguzo ya nyumba. Aliona ninatazama. "Ile ya kwanza ni ya Mungu," akasema. "Hii ni ya wale walikuwa hapa zamani, mbele mapadri wafike. Sitaki mutu alalamike."

Naye nikamwuliza habari za Bisembe.

"Ile ni kazi ya batu wa milima," akasema. "Ngombe yao moja ilishuka, ikafika ku miti, ikaogopa kiza. Ikasimama. Mwenyewe akasukuma, akaiimbia, akailomba. Bure. Akajenga kibanda pale juu ya kungojea ngombe ibadilishe mawazo. Njo Bisembe."

"Na ninyi Wanyanga?"

"Tulisikia ngombe inalia, tukaenda kuangalia. Shiye wageni tu kule."

Nililala nikiwa nimeudhika. Nimesoma historia za miji mingi, na kila mahali watu hugombania heshima ya kuwa wa kwanza. Sikuwahi kukutana na watu wawili, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Niliandika kwamba mmoja wao anasema uongo, na pembeni nikaweka alama ya kuuliza, kwa sababu sikuelewa faida yake.

Kurudi nyuma kwa miguu

Papa Kabunga naye alikuwa anakwenda sokoni na mzigo wa nyama na mawese, basi tukaongozana. Viatu vyangu vilimfurahisha sana. Kila nilipoteleza alisimama kwa heshima mpaka niinuke, akasema, "Pole, Papa. Viatu yako haijue hii njia, lakini itajifunza." Vilipokwisha kujifunza vilikuwa havina soli.

Tulipotoka chini ya miti akatua mzigo. "Bon. Hapa njo Bisembe."

Uwanja mtupu uliofagiwa. Vibanda vichache. Mwanamke aliyekuwa akipika.

"Ah," mwanamke akasema, "muntu wa kamio. Ulipita hapa unaangalia juu ya paa zetu, sawa vile unatafuta kanisa."

Huyo alikuwa Mama Sifa. Baba yake alikuwa wa msituni na mama yake wa milimani, alizaliwa sokoni pale siku ya soko, na tangu ujana wake amekuwa akiwapikia wenye kuuza na wenye kununua. Nyumba yake ndiyo peke yake yenye bati, na kila bati limetokana na mauzo ya sufuria zake. Alinipa bugali na sombe, kisamvu chao, nikakaa kwenye gogo lake, na hapo ndipo nilipopata Bisembe ya mjomba.

Ilikuwepo, akasema. Wakati wa vita watu wa madini na wa kugema mpira walijaa mpaka huoni majani. Mtaa wa mafundi cherehani ulikuwa ule ubavu wa uwanja, na Mama Sifa alimkumbuka mjomba: "Ule mufupi wa miwani? Alishona suruali ya baba yangu, muguu moja mrefu. Baba akavaa vile vile, akasema ni modèle, ni fasheni." Hoteli ilikuwa kitanda kimoja cha Mgiriki fulani, kilichokodishwa upande kwa upande. Gramafoni ilikuwa na sahani moja, na ilipopasuka Mgiriki aliendelea kupiga nusu iliyobaki, na vijana wakajua kuucheza wimbo ule mpaka mahali unapokatika, kisha kusimama wote pamoja wakingoja uanze tena. Palikuwa na mhubiri aliyebatiza soko zima mtoni, wauza mawese mbele na wauza maharage nyuma. Vita vilipokwisha wote wakaondoka, kimya kimya, kama wageni wanaoona mwenyeji anasinzia.

Na palikuwa na chui. Aliingia uwanjani mchana, siku ya soko, akakaa katikati. Wawindaji na mikuki yao walikuwepo wengi. Lakini ngozi ya chui ni ya mwami, yaani mtawala wa ardhi ambamo chui ameuawa, kwa hiyo kabla ya kumwua lazima ijulikane yuko katika ardhi ya mwami gani. Wanyanga wakasema, chui wenu huyo, tupeni ruhusa. Wahunde wakasema, sisi nani, ninyi ndio wa kutoa ruhusa. Walibishana kwa adabu mpaka chui akachoka, akaondoka na mbuzi mmoja.

Nilicheka. Mama Sifa hakucheka.

"Weye unacheka sababu haujue," akasema, akikoroga. "Zamani, hapa walikuwa wanauana. Kila soko, damu. Wa milima wanasema ni kwetu, wa pori wanasema ni kwetu. Njo wazee wakakaa, wakasema: kuanzia leo hii fasi haiko yetu, iko yenu. Na wengine wakasema: hapana, iko yenu. Wakaacha vile. Sasa muntu akifika hapa, anajua iko mu nyumba ya wengine. Mugeni hapigane. Mugeni hasukume muntu. Hauwezi kusikia hapa muntu anasema 'toka kwetu'. Neno ile haiko."

Nikaweka kijiko chini. Alama yangu ya kuuliza ilikuwa imejibiwa, na nikaona pia shimo lililo mbele yao. "Na ajenti akiuliza?"

"Watajibu ile wanajibiaka siku zote."

"Basi wewe useme ni pako. Umezaliwa hapa. Una pande zote mbili."

Mama Sifa alinitazama kama mjomba alivyonitazama juu ya miwani. "Niseme ni pangu, halafu nimuuzishie nani? Uliona wapi mwenyeji anauzishia wageni bugali mu nyumba yake? Siku nitasema vile, sufuria hii inakufa. Nitalisha Walikale yote na Masisi yote bure, mpaka nikule bati."

Ajenti

Alikuja kesho yake, siku ya soko, kijana wa Kibelgiji mwenye ngozi iliyoungua na uso wa mtu asiyelala vizuri. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Aliwekewa kiti katikati ya uwanja, pale pale, niliambiwa, alipokaa chui. Karani wake alitafsiri. Papa Bauma alikuwa amefika na maharage yake, akasimama na watu wa milimani. Papa Kabunga alisimama na watu wa msituni.

"Bwana anauliza," karani akasema, "hii ardhi ni ya nani?"

Papa Bauma akavua kofia. "Ni ya hawa ndugu zetu wa pori. Shiye tunakuja tu kuuzisha, wanatupokea vizuri."

Ajenti akawageukia wengine. Papa Kabunga akainamisha kichwa. "Papa Bauma ananipatia heshima mingi. Ni ya batu wa milima. Shiye wageni."

Ajenti akauliza tena, polepole, kama anayeuliza viziwi. Wakajibu tena, na safari hii kila upande ulitaja wema wa upande wa pili, maji waliyopewa, wagonjwa waliobebwa, mazishi waliyosaidiwa. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote niliyosikia katika safari yangu, na kila neno lilikuwa linawafukuza pale.

Ajenti akafunga daftari lake. Karani akatafsiri, na sauti yake ilipungua: kama si ya hawa na si ya wale, basi haina mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Leta. Bwana atapita tena siku ya soko lijalo akirudi kutoka Walikale, na hapo atakata shauri.

Somo nililotoa

Sasa nafika kwenye hotuba mnayoisikia mitaani. Niliwakusanya Papa Bauma na Papa Kabunga na wazee wenzao kibandani kwa Mama Sifa, tukiwa na kasiksi, pombe ya ndizi, katika kibuyu kimoja kinachozunguka. Nikasimama. Niliwaeleza sheria za Kizungu, umiliki, na maana ya maneno "ardhi wazi" katika vitabu vyao. Nilisema vizuri, lazima nikiri. Nikahitimisha kwamba kila upande udai nusu.

"Tujaribu," nikasema. "Mimi ndiye ajenti. Papa Bauma, ardhi hii ni ya nani?"

Papa Bauma alicheka kwa aibu. "Nusu ni... yetu." Lile neno lilimtoka kama mwiba wa samaki.

"Vizuri. Papa Kabunga?"

"Nusu ni yetu."

"Mpaka unapita wapi?"

"Ku mti ule," akasema Papa Kabunga.

Papa Bauma akageuka kuutazama mti. "Ule? Ule mti uko ndani kabisa. Mpaka uko ku mufereji."

"Mufereji ulichimbwa na baba yangu."

"Baba yako alichimba sababu mama yangu alimulomba."

Wenzao wakaingilia. Mmoja akakumbuka kaburi, mwingine akakumbuka binti aliyeolewa bila kitu kuletwa. Nilipiga makofi kuwaomba watulie, nikasema jaribio limekwisha, lakini hakuna aliyekuwa akijaribu tena. Kisha nikaona kibuyu cha kasiksi kimesimama. Kilikuwa mikononi mwa mtu wa milimani, na aliyefuata alikuwa wa msituni, na kibuyu hakikupita. Wazee wakainuka mmoja mmoja. Papa Kabunga, aliyesimama kila nilipoteleza, alipita mbele yangu bila kunitazama.

Amani ile ilishinda vita, mpira, mhubiri na chui. Mimi nilikuwa nimeinywa hadi tone la mwisho kwa hotuba moja.

Mama Sifa alikuwa akiosha sufuria. Alichukua muda mrefu kwa sufuria moja. "Kesho usifundishe muntu," akasema.

Soko lililofuata

Walikuja, lakini kwa njia tofauti. Watu wa milimani walipanga maharage upande mmoja wa mfereji, watu wa msituni wakapanga nyama upande wa pili, na baadhi ya vijana walikuwa na fimbo ambazo hazikuwa za kutembelea. Mama Sifa alikuwa amepika kama kawaida. Sufuria yake ilikaa katikati, na watu walinunua wakienda zao bila kukaa.

Ajenti akaketi kitini. Karani akauliza mara ya mwisho ardhi ni ya nani. Nilimwona Papa Bauma akivuta pumzi, na Papa Kabunga akisogea mbele, na nikajua kwamba yeyote atakayetangulia kusema "yetu", fimbo zitanyanyuka kabla neno halijaisha.

"Ni yangu."

Hakusema kwa nguvu. Mama Sifa alikuwa bado na mwiko mkononi. Minong'ono ikapita uwanjani, kama ya watu waliomwona mtu mzima akivua nguo. Ajenti akauliza kwa haki gani.

"Baba yangu ni wa pori, mama yangu ni wa milima. Nilizaliwa hapa. Hawa wote ni wageni yangu. Waulize."

Karani akauliza kama yuko anayepinga. Papa Bauma alifungua kinywa, akakifunga. Papa Kabunga alitazama chini. Waliishi maisha yao yote wakijua namna moja tu ya kukaa pale, na mgeni hambishii mwenyeji nyumbani kwake. Ajenti alingoja, akainua mabega, akaandika jina la Mama Sifa, akapanda gari lake. Nadhani alifurahi kupata jina.

Gari lilipopotea, mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri bugali akatazama sarafu mkononi mwake, akaifunga tena kwenye pindo la kitambaa. Hangeweza kununua tena. Mama Sifa akampakulia. Akampakulia na aliyefuata, wa msituni, na aliyefuata, wa milimani, mpaka mwiko ukakwaruza chini ya sufuria. Watu walikula wakiwa wamesimama, wametazama sahani. Kisha akaifunika sufuria tupu, akaketi kwenye gogo lake, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika nyumbani kwake na kukuta hapajui.

Wakati huo lori la Anselmi likatoka msituni, limepakia. Siku zote aliliingiza hadi katikati ya uwanja. Lakini mtu fulani barabarani alikuwa amekwisha kumwambia, kwa sababu alisimama nje kabisa, akazima injini, akashuka akiwa ameshika mkungu wa ndizi. Akaja mpaka ukingo wa uwanja, mahali ambapo hapana ukuta wala mlango, akasimama. Akarekebisha tai yake.

"Hodi," akasema.

Mama Sifa hakuinua kichwa mara moja.

"Karibu," akasema. "Panguza miguu."

Anselmi akapangusa miguu kwenye majani, akaingia, akaweka ndizi mbele yake, zawadi ya mgeni kwa mwenyeji. Papa Kabunga aliutazama mkungu ule kwa muda. Kisha akachukua kipande cha nyama kutoka mzigoni mwake, akaruka mfereji, akatoka uwanjani hadi barabarani, akageuka, akasimama mahali aliposimama Anselmi. Mwuza mawese akamfuata. Halafu watu wa milimani, mmoja na mwingine, wakiacha fimbo chini ili mikono ibebe kitu. Muda si mrefu soko lilikuwa tupu kabisa, mwanamke mmoja tu kwenye gogo, na sisi wote tulikuwa nje barabarani, wa msituni na wa milimani wamechanganyika, tukisukumana taratibu kuingia kwa zamu.

Nilikuwa nyuma ya Papa Bauma. Nilipekua mifuko yangu yote na sikuwa na kitu cha kuingia nacho. Papa Bauma hakugeuka. Alirudisha mkono wake nyuma, akanimiminia viganjani nusu ya maharage yake, nami nikasogea.